Mukenea, Asali na Kikohozi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kunywa Dawa ya Kienyeji

Siku ya soko, iwe ni Wote, Kibwezi, Mwingi au Mutomo, mteja hakosi kukutana na wauzaji waliotandaza magunia chini na kupanga juu yake magome, mizizi, majani makavu na chupa za maji ya rangi ya kahawia. Akisema ana kikohozi au kifua kinambana, kuna jina moja ambalo halikosi kutajwa: mukenea.

Mukenea, ambao kwa Kiswahili huitwa mjafari na kwa jina la kisayansi Zanthoxylum chalybeum, ni mti wa jamii moja na mlimau na mchungwa. Hustawi katika nyika kavu za Kitui na Makueni. Shina lake lina vinundu vyenye miiba, na majani yake yakipondwa hutoa harufu ya limau. Katika nyumba nyingi za Ukambani majani hayo hutiwa kwenye chai, na magome na mizizi huchemshwa kwa ajili ya mafua, kikohozi, homa na malaria.

Makala haya hayakusudii kumnyang'anya mtu kikombe chake cha chai ya mukenea. Yanakusudia kujibu maswali matatu ambayo wakazi wengi hujiuliza. Je, sayansi imegundua nini kuhusu dawa hizi? Zina hatari gani? Na ni wakati gani kikohozi kinahitaji zahanati badala ya sufuria? Swali la tatu ndilo zito zaidi, kwa sababu kikohozi kinachotibiwa nyumbani kwa miezi mitatu huenda tangu mwanzo kilikuwa kifua kikuu.

MAABARA IMEONA NINI

Mukenea si mti uliopuuzwa na wanasayansi. Mwaka wa 2001 na 2002, watafiti wa Uganda walichapisha katika jarida la African Health Sciences matokeo ya kuujaribu, pamoja na mti mwingine wa dawa uitwao Warburgia ugandensis, dhidi ya bakteria, kuvu na virusi vya surua. Miaka iliyofuata, uchunguzi wa mimea ya dawa ya Rwanda ulionyesha kwamba mukenea una kemikali iitwayo nitidini, inayoweza kuua vimelea vya malaria ndani ya vyombo vya maabara.

Kwa hivyo wazee hawakuwa wakichemsha mti mtupu. Ndani ya gome kuna kemikali zenye nguvu. Lakini hapo ndipo msomaji anapaswa kuwa makini, kwa kuwa kuua kiini ndani ya chupa ni hatua ya kwanza tu. Hata sabuni ya kufulia huua viini ndani ya chupa, na hakuna anayeinywa.

Dawa hupanda ngazi. Kwanza hujaribiwa katika vyombo vya maabara. Kisha hujaribiwa kwa wanyama ili kuona kama inadhuru. Baadaye hupewa watu wachache waliojitolea, kisha wagonjwa wengi zaidi, huku kundi moja likipewa dawa hiyo na kundi jingine likipewa kitu kingine ili matokeo yalinganishwe. Ni baada ya hapo tu ndipo daktari anaweza kusema kwa uhakika: kunywa kiasi hiki, mara hizi kwa siku, kwa siku hizi. Ushahidi mwingi kuhusu mukenea bado uko kwenye vidato vya chini vya ngazi hiyo.

Kuna mmea uliofika juu. Nchini China, mwanasayansi Tu Youyou na wenzake walitoa kemikali ya atemisinini kutoka kwenye mmea wa Artemisia annua, ambao kwa karne nyingi ulitumika kutibu homa. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Vidonge vya malaria vinavyotolewa leo katika zahanati zetu vina dawa iliyotokana na mmea huo. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani halipendekezi watu kunywa chai ya majani ya artemisia ili kutibu malaria. Sababu ni kipimo. Jani la shamba hili lina dawa nyingi, la shamba lile lina kidogo, na dozi isiyotosha huacha vimelea hai na kuvipa nafasi ya kuizoea dawa.

KWA NINI UZOEFU PEKEE HAUTOSHI

Mtu anaweza kuuliza: kama nyanya alikunywa mukenea na akafikisha miaka 90, ushahidi gani mwingine unahitajika? Ni swali la haki na linastahili jibu.

Jibu la kwanza ni kwamba kikohozi cha mafua huisha chenyewe. Mgonjwa hukohoa sana siku za mwanzo, kisha mwili unapambana na virusi na hali inatulia. Ikiwa alianza kunywa dawa siku ya nne na akapata nafuu siku ya saba, dawa ndiyo itakayosifiwa, hata kama mwili ulifanya kazi hiyo peke yake. Hata kikohozi cha kifua kikuu kinaweza kupungua kwa siku kadhaa kisha kikarudi. Siku hizo chache hutosha kumshawishi mgonjwa kwamba yuko kwenye njia sahihi.

Jibu la pili ni kwamba macho huona kwa urahisi jambo linalotokea upesi, lakini hupitwa na jambo linalotokea polepole. Mtu akinywa mzizi na kuanguka hapo hapo, kijiji kizima kitajua mzizi huo ni sumu na hakuna atakayeugusa tena. Lakini mmea unaodhuru ini kidogo kidogo kwa miezi hauwezi kukamatwa kwa njia hiyo. Ini linapochoka, hakuna anayekumbuka chupa ya mwaka jana.

Mfano mzuri unatoka Ulaya. Huko kuna mmea uitwao Pulmonaria, jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya pafu. Majani yake yana madoa meupe, na watu wa kale waliyafananisha na pafu lenye ugonjwa. Kwa kufanana huko tu waliamini kwamba ni dawa ya kifua, na wakautumia kwa mamia ya miaka. Kamati ya wataalamu nchini Ujerumani iliyokuwa ikikagua dawa za mitishamba ilipouchunguza, haikuuidhinisha kwa sababu manufaa yake hayakuwa yamethibitishwa. Karne nyingi za matumizi hazikutosha kuwa ushahidi.

Mmea huo una ndugu yake ambaye wakulima wa Kenya wanamfahamu: komfri, ambao katika sehemu nyingine za nchi huitwa mabaki na hulishwa mifugo. Wapo watu wanaoutumia kama mboga au chai ya dawa. Komfri una kemikali ziitwazo alkaloidi za pirolizidini, ambazo huziba mishipa midogo ya damu ndani ya ini. Mwaka wa 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji kuondoa komfri katika bidhaa za kumezwa. Ni mmea wa kijani, wa asili, usio na kemikali ya kiwandani, lakini unaweza kuharibu ini. Neno "asili" halina maana ya "salama".

INI LETU NA HISTORIA YETU

Wakazi wa Kitui na Makueni hawahitaji kuelezwa kwa kirefu maana ya ini kuharibika. Mwaka wa 2004, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota kuvu na kuwa na sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao kutoka Makueni na Kitui. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, na baadhi ya familia zikapoteza watu zaidi ya mmoja. Kabla ya hapo, mwaka wa 1981, janga kama hilo liliwahi kutokea Machakos.

Somo la mahindi linahusu dawa za mitishamba pia. Gome au mzizi uliofungwa kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kukauka huota kuvu kama punje ya hindi. Watafiti wa Kenya waliokagua dawa za mitishamba zilizokuwa zikiuzwa Eldoret na Mombasa walikuta kuvu na aflatoksini katika baadhi yake. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo, kwa sababu aflatoksini huhimili joto la maji yanayochemka.

Ini ndicho kiungo kinachopokea karibu kila kitu tunachomeza na kukichuja. Mtu anayekula mahindi yasiyokauka vizuri, anayekunywa pombe, anayemeza dawa za hospitali na juu yake akaongeza chupa ya "kusafisha damu," anabebesha ini mizigo minne kwa wakati mmoja. Dalili za ini lililoelemewa ni macho kuwa ya manjano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, kichefuchefu na kutapika, uchovu usio wa kawaida, na maumivu upande wa kulia chini ya mbavu. Anayeziona dalili hizi aache dawa ya mitishamba mara moja na aende hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za hospitali asiziache mwenyewe. Azichukue, pamoja na chupa ya mitishamba, amwonyeshe daktari.

ASALI: DAWA YA NYUMBANI ILIYOJARIBIWA

Si kila dawa ya nyumbani inakosa ushahidi. Asali, ambayo Mwingi na Kibwezi zinajulikana nayo kote nchini, imejaribiwa kwa watoto wenye kikohozi. Mwaka wa 2018 wataalamu wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio hayo na kuyapima. Walihitimisha kwamba asali inaelekea kupunguza kikohozi cha muda mfupi kuliko kutompa mtoto dawa yoyote.

Kijiko kidogo cha asali kabla ya kulala kinatosha. Haitibu nimonia wala kifua kikuu. Inatuliza koo na kumwezesha mtoto kulala. Kuna sharti moja lisilovunjwa: mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asipewe asali kamwe. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuzizuia, na ambazo humletea ugonjwa wa kupooza.

WATOTO WACHANGA NA MITISHAMBA

Kipimo kinachomfaa mtu mzima wa kilo 70 hakiwezi kumfaa mtoto wa kilo 6, na sufuria haina kipimo. Mwarubaini ni mfano. Unaheshimiwa kote Afrika Mashariki, lakini mwaka wa 1981 madaktari wa Malaysia waliandika katika jarida la The Lancet kuhusu watoto waliopewa mafuta ya mbegu za mwarubaini kwa magonjwa madogo kama mafua. Walianza kutapika, wakalegea na kusinzia, kisha wakapata degedege. Wapo waliofariki.

Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji kitu kingine chochote ila maziwa ya mama na dawa alizoandikiwa hospitalini. Akiwa na kikohozi, mzazi ahesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima, mtoto akiwa ametulia. Anapumua kwa kasi isiyo ya kawaida ikiwa ni:

- Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika.
- Miezi 2 hadi 12: pumzi 50 au zaidi.
- Mwaka 1 hadi miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Pumzi za kasi, kifua kinachobonyea ndani mtoto anapovuta hewa, kushindwa kunyonya, au kulegea ni dalili za hatari. Huenda ni nimonia. Hapo hakuna muda wa kuchemsha chochote.

KIKOHOZI KISICHOKWISHA

Mwaka wa 2011 maelfu ya watu, wakiwemo Wakenya wengi, walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Walikwenda kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kama Babu. Kikombe kiliuzwa shilingi 500 za Tanzania, na dawa yenyewe ilitokana na mizizi ya mti wa Carissa, ambao Wakamba huuita mukawa na ambao watoto hula matunda yake porini. Maafisa wa afya waliwasihi wagonjwa wasiache dawa zao za hospitali, lakini wapo walioziacha wakiamini wamepona. Hatari kubwa haikuwa ndani ya kikombe bali katika dawa zilizoachwa nyumbani.

Hali ni hiyo hiyo kwa kikohozi. Kikombe cha chai ya mukenea huenda kisimdhuru mtu, lakini miezi anayoipoteza akikinywa inaweza kumdhuru, pamoja na watu wa nyumba yake. Mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu ambaye hajaanza matibabu hueneza ugonjwa kwa hewa kila anapokohoa, na wa kwanza kuambukizwa ni wale wanaolala naye chumba kimoja.

Kikohozi kinachofika wiki mbili, jasho jingi usiku, kupungua uzito, homa za jioni, au makohozi yenye damu ni sababu ya kwenda kupimwa. Mwenye virusi vya Ukimwi, au anayeishi na mtu mwenye kifua kikuu, asingoje wiki mbili. Aende mara tu anapoanza kukohoa. Mgonjwa hutoa makohozi kwenye kikopo, na mashine kama GeneXpert huonyesha kama ana kifua kikuu na kama dawa aina ya rifampisini itamfaa. Katika vituo vya afya vya umma nchini Kenya, kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure. Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita, na anayeyamaliza hupona.

Si kila kikohozi kirefu ni kifua kikuu. Pumu, ugonjwa wa moyo na moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha pia husababisha kikohozi. Kila kimoja kina matibabu yake, na hakuna anayeweza kuvitofautisha kwa kusikiliza sauti ya kikohozi sokoni.

ANAYEMEZA DAWA AWE MWAZI

Dawa za kifua kikuu, hasa isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, zinaweza kulisumbua ini la baadhi ya wagonjwa, ndiyo maana wahudumu huwafuatilia. Mgonjwa akiongeza mitishamba kimya kimya na macho yakageuka manjano, daktari hatajua alaumu nini. Huenda akalazimika kusimamisha dawa zinazomponya.

Wagonjwa wengi hunyamaza kwa kuogopa kugombezwa. Lakini mazungumzo yanaweza kuwa mafupi na ya heshima, kwa mfano hivi:

"Mama, mbali na hizi dawa, kuna kitu kingine unakunywa nyumbani?"

"Daktari, huwa nachemsha mukenea. Na kuna chupa jirani alinipa ya kusafisha damu."

"Asante kwa kuniambia. Hiyo chupa umeanza lini, na unakunywa mara ngapi?"

"Tangu wiki jana. Kikombe asubuhi na kikombe jioni."

"Basi chupa tuisimamishe kwanza mpaka umalize dawa. Ukija tena, niletee niione."

Kwa dakika mbili, mhudumu amepata habari ambayo hakuna kipimo cha maabara kingempa.

Wajawazito nao wawe waangalifu zaidi. Kiluma, yaani mshubiri, una utomvu mchungu wa manjano unaoharisha kwa nguvu na kupoteza maji na chumvi za mwili. Haufai kunywewa na mama mwenye mimba. Mimea mingine mingi haijawahi kupimwa usalama wake kwa mtoto aliye tumboni.

KABLA YA KUNUNUA

Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inatambua tiba ya kiasili, na Bodi ya Dawa na Sumu ndiyo inayosajili dawa za mitishamba zinazouzwa zikiwa zimefungashwa. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya KEMRI ina kituo kinachochunguza dawa za kiasili. Tiba ya kienyeji ina nafasi yake kisheria, na mganga mwaminifu hana sababu ya kukasirika akiulizwa. Mnunuzi aulize mambo haya:

1. Huu ni mti gani, na sehemu gani ya mti? Jina moja la kienyeji linaweza kutumika kwa miti miwili tofauti, na mzizi unaweza kuwa na nguvu kuliko jani.
2. Kuna nini kingine ndani? Chupa yenye "miti arobaini" haiwezi kukaguliwa na mtu yeyote.
3. Ilikaushwa vipi? Yenye harufu ya uvundo au madoa ya kuvu itupwe.
4. Kama imefungashwa, ina nambari ya usajili, tarehe na jina la mtengenezaji?
5. Anayeuza anadai inatibu kifua kikuu, Ukimwi, kisukari na saratani kwa pamoja? Dawa moja haitibu yote hayo. Muuzaji wa namna hiyo apitwe.
6. Anamwambia mgonjwa aache dawa za hospitali? Hapo mazungumzo yaishe.

Mukenea utaendelea kunukia katika chai ya Ukambani, na huenda siku moja sayansi ikaupandisha ngazi hadi juu. Kwa sasa, mwenye mafua ya siku tatu anaweza kunywa kikombe chake cha chai na kupumzika. Mwenye kikohozi cha wiki mbili apitie zahanati kwanza, atoe makohozi yapimwe, na amweleze mhudumu kila kitu anachokunywa. Asiyeweza kutembea amwite mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake, ambaye atamwelekeza mahali pa kupimwa.